Ukihama, Acha Kibao

Fundi cherehani akihama kibanda, hata kama anahamia hatua hamsini tu upande wa pili wa soko, habebi cherehani yake kimyakimya akaondoka. Anatafuta kipande cha chaki au mkaa, anaandika kwenye mlango wa zamani: fundi amehamia nyuma ya soko, karibu na mashine ya kusaga. Akikosa chaki anamwambia muuza vocha wa jirani, akija mtu kuulizia suruali yake, mwelekeze. Kinyozi anafanya hivyohivyo. Fundi simu naye. Hakuna aliyewapeleka darasani kufundishwa jambo hili. Wanajua tu kwamba mteja aliyekukosa leo, kesho ni mteja wa mwenzako.

Sasa nauliza, na nauliza kwa hasira: imekuwaje wahariri wa majarida ya fasihi ya Kiswahili mtandaoni, watu wenye shahada mbili mbili, watu wanaoandika makala nzima kuhusu kumbukumbu na urithi, washindwe na adabu ambayo kinyozi anaiweza kwa chaki?

Nazungumzia kuhama kwa tovuti. Jarida linapata jina jipya, au linatoka kwenye blogu ya bure na kununua kikoa chake, au linapata fundi mpya anayepanga kila kitu upya. Siku ya uzinduzi kuna pongezi, kuna picha ya keki, kuna tangazo kwamba sasa tumekuja kivingine. Na siku hiyohiyo kila kiungo kilichowahi kuelekea kwenye jarida hilo, kutoka kwenye blogu za wengine, kwenye tasnifu, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye kurasa za mwisho za vitabu, kinakufa. Ukibonyeza unaambiwa ukurasa haupatikani. Keki imeliwa, msomaji ameachwa mlangoni.

Hoja yangu ni moja: anwani ya makala si mali ya mwenye tovuti peke yake. Ukishaitangaza, ukaomba watu waisome na waisambaze, umetoa ahadi. Kuhama si kosa, kila mtu anahama. Kosa ni kuhama bila kuelekeza.

Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda, nieleze kidogo, maana mafundi wetu hupenda kulifanya jambo hili lionekane uganga. Kivinjari chako kinapoomba ukurasa, seva hujibu kwanza kwa namba ya tarakimu tatu. 200 maana yake karibu, ukurasa huu hapa. 404 maana yake sioni kitu hapa. 301 maana yake ukurasa umehama moja kwa moja, anwani mpya ni hii, na kivinjari kinakwenda huko chenyewe, mara nyingi bila hata wewe kugundua. 302 ni kuhama kwa muda. 410 ni kusema ulikuwepo, tumeuondoa, usiusubiri. Hizi 301 na 302 si teknolojia ya jana. Zimo kwenye maelezo ya itifaki ya HTTP yaliyochapishwa mwaka 1996. Na mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti wenyewe, aliandika waraka mfupi akishikilia kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na lawama ya kubadilika akaitupa kwa watu, si kwa mashine. Kwa hiyo tusidanganyane. Chaki ipo, na iko mezani karibu miaka thelathini.

Ugonjwa wenyewe si wa Waswahili peke yao, nakiri. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Watafiti wa sheria wa Harvard nao, miaka kama kumi kabla ya hapo, walichungulia viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama Kuu ya nchi hiyo wakakuta karibu nusu yake havimfikishi tena msomaji kwenye kile kilichotajwa. Ikiwa majaji wenye wanasheria na mafundi wa kila aina wanapotelewa namna hiyo, sisi je?

Lakini hapo ndipo tofauti inapoanza. Kiingereza kikipoteza insha moja kuhusu riwaya fulani, zimebaki mia. Sisi tukipoteza insha moja ya maana kuhusu Euphrase Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed, inawezekana ndiyo ilikuwa pekee iliyoandikwa kwa Kiswahili nje ya chuo, na bure. Uhakiki wetu mwingi wa miaka ishirini hii haukupitia vitabuni. Umepitia blogu na majarida ya mtandaoni ya watu wanaojitolea. Hazina yenyewe ni ndogo, kwa hiyo kila tundu lina maana.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Nipo Mtinko, Singida Vijijini. Maktaba kubwa ya karibu yangu ni simu. Nipo kwenye kundi la WhatsApp la watu wachache wanaopenda riwaya, na mwaka jana tulikuwa tunabishana kuhusu wahusika wanawake katika riwaya za miaka ya sabini. Mmoja wetu akatuma kiungo cha insha iliyotoka kwenye jarida moja ambalo sitalitaja. Nikabonyeza: haupatikani. Wa pili akabonyeza: haupatikani. Tukakumbuka kwamba blogu tatu ziliwahi kuijibu insha ile, moja kwa hasira kwelikweli, tukaenda huko. Zote tatu zilikuwepo, na zote tatu ziliielekeza kwenye anwani ileile iliyokufa. Tukawa na majibu matatu ya swali ambalo halionekani.

Baada ya siku mbili, mtu aliyekuwa na namba ya mtu mwingine akatupatia jibu. Insha ipo! Haijafutwa hata nukta. Jarida limehamia kikoa kipya, linapendeza, lina picha nzuri, na insha imekaa humo imetulia chini ya anwani nyingine kabisa. Hiki ndicho kilichonikera kuliko kama ingekuwa imepotea. Mwenye mali amebeba vyombo vyote, amevipanga vizuri, hakuvunja hata kikombe. Kilichomshinda ni mstari mmoja wa maandishi kwenye mlango wa zamani.

Na zile blogu tatu? Mmoja wa waandishi wake simjui alipo. Haandiki tena. Hawezi kwenda kurekebisha kiungo. Jarida limehama, na kwa kuhama kwake limeyakata majibu ya watu wengine ambao hawakuulizwa.

Hapa lazima tukumbuke tulikotoka. Malumbano ni damu ya fasihi yetu. Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923, washairi walipata uwanja wa kuulizana na kujibizana. Mtu anauliza Tanga, anajibiwa kutoka bara, wa tatu anaingilia. Shaaban Robert mwenyewe alipitia humo. Na jambo lililowezesha malumbano hayo yadumu ni dogo sana: kila toleo lilikuwa na mwezi na mwaka. Ukisema shairi la toleo la mwezi fulani, mwaka fulani, umeshataja anwani ambayo haitahama kamwe. Gazeti linaweza kufa, mhariri akafa, jengo likabomolewa, lakini toleo ni lilelile, na aliye na nakala yake maktabani atalipata kwa maneno yaleyale. Kitabu nacho kadhalika. Kusadikika kilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, na tangu hapo kimepita mikononi mwa wachapishaji zaidi ya mmoja. Nenda maktaba leo, omba Kusadikika, utapewa. Mchapishaji alihama, jina halikuhama.

Mtandao umetupa kasi ambayo Mambo Leo hawakuiota. Mtu anaandika Mtinko asubuhi, anajibiwa Muscat mchana. Lakini tumeipokea kasi tukaitupa anwani. Malumbano ya 1930 unaweza kuyafuata mpaka mwisho. Malumbano ya 2010, jaribu uone.

Watu wa Singida tuna neno linalotufaa hapa, na Waswahili wote wanalo: mahame. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Mkoa wetu ulihamishwa kama mikoa mingine. Yalibaki maboma matupu, makaburi, na miti iliyopandwa na mtu. Silinganishi uchungu wa mtu aliyehamishwa na usumbufu wa mtu aliyekosa insha, hapana. Nachukua somo moja tu. Zamani mtu mmoja akihama, mgeni wake akifika alimkuta jirani, na jirani alimwelekeza. Hamahama ya wote kwa pamoja ndiyo inayoleta mahame, kwa sababu hakubaki wa kuelekeza.

Mtandaoni imeshatokea. Yahoo ilipoifunga GeoCities Oktoba 2009, mamilioni ya kurasa za watu binafsi yaliondoka siku moja, kurasa na majirani wa kurasa. Watu wa kujitolea walikimbizana kunakili walichoweza. Sisi tumejenga karibu kila kitu kwenye viwanja vya namna hiyo, vya bure, vya watu wengine. Nani atasimama mlangoni siku hiyo?

Hili la kukaa kwenye kiwanja cha mwingine lina mfano wetu wenyewe. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, kabla watu wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kuiona intaneti kwa macho. Kwa miaka mingi anwani yake iliyozoeleka ilikuwa yale.edu/swahili, na kurasa chungu nzima za wapenzi wa Kiswahili duniani ziliwaelekeza wageni hapo. Baadaye mradi ulitoka Yale ukajitegemea kwa kikoa chake, kamusi.org. Siwalaumu kwa kuhama. Nasema tu kwamba anwani ile ya kwanza ilikuwa ya chuo, si ya kamusi. Mpangaji hana kauli kuhusu mlango anaouacha. Mwenye nyumba akiamua kuupaka rangi, maandishi yako ya chaki yanakwenda na rangi.

Ndiyo maana kikoa chako mwenyewe ni jambo la maana, hata kabla hujawa na makala kumi. Watanzania mnalielewa hili kuliko mnavyodhani. Machi 2017 ilipoanzishwa huduma ya kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, hakuna aliyehitaji mhadhara. Kila mtu alielewa mara moja: naweza kumuacha huyu, nikaenda kwa yule, na mama yangu ataendelea kunipata kwa namba ileile. Kikoa ni hivyohivyo. Ukiwa nacho, badilisha seva mara kumi, badilisha programu, badilisha fundi, msomaji hata hatajua.

Na wapo wanaofanya vizuri, tusiseme haiwezekani. Swahili Forum, jarida la kitaaluma lililoanzia Ujerumani mwaka 1994 ndani ya mfululizo wa karatasi za Köln, limebadilisha makao zaidi ya mara moja. Lakini makala zake zimewekwa katika hifadhi ya Qucosa, na kila moja ina namba yake ya kudumu. Ukiwa na namba hiyo unaipata makala, hata kama ukurasa wa jarida wenyewe umebadilishwa sura. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na inayoandikwa na watu wa kujitolea kama mimi na wewe, ina desturi nzuri zaidi: makala ikibadilishwa jina, programu yenyewe huacha kielekezi kwenye jina la zamani. Kuacha kibao ndiyo kawaida, kutokuacha ndiko kunakotaka mtu aamue. Majarida yetu yamegeuza mambo kichwa chini.

Sasa visingizio. Nimevisikia vyote, nivijibu kimoja kimoja.

Cha kwanza: nani anasoma vitu vya zamani? Jamani. Mtu wa fasihi anaweza kusema hivi bila kuona haya? Kazi yetu yote ni kusoma vitu vya zamani. Mhariri anayeamini kwamba insha ya miaka sita iliyopita haina msomaji, kwa nini aliichapisha? Habari ya mechi inachacha baada ya wiki. Uhakiki wa Nagona hauchachi. Na kama unadhani hakuna anayegonga mlango wa zamani, tazama kumbukumbu za seva yako, uone maombi yanayoishia 404. Utawahesabu watu waliokuja kwako wakakuta giza.

Cha pili: ni ufundi mgumu na ni gharama. Hapa nitakuwa mkweli, kuna gharama. Kikoa cha zamani lazima ukilipie kila mwaka ili kiendelee kuelekeza. WordPress.com hutoza ada kwa anayetaka anwani yake ya bure imwelekeze msomaji kwenye kikoa kipya nje ya huduma yao. Lakini ukiwa Blogspot ukaunganisha kikoa chako humohumo, wao wenyewe wataielekeza anwani ya zamani, bure. Ukiwa na seva ya kupanga ya kawaida, kielekezi cha ukurasa mmoja ni mstari mmoja katika faili moja. Makala mia mbili ni mistari mia mbili. Ni kazi ya jioni mbili na chupa ya chai. Kama jarida limeweza kumlipa mtu wa kuchora nembo, haliwezi kusema limeshindwa na jioni mbili.

Cha tatu: mbona vyote vipo, mtu atafute tu Google. Huyu hajawahi kununua bando kwa kuhesabu. Kutafuta ni kufungua kurasa tano ili upate moja, na kila moja inakuja na picha na matangazo. Mtandao ukiwa wa kusuasua, kila ukurasa wa bure unaofunguliwa ni dakika na ni hela. Halafu kuna jambo ambalo wahariri hawalijui: ni 301 inayoiambia Google kwamba ukurasa mpya ndio mrithi wa ule wa zamani. Bila hiyo, heshima yote ambayo makala ilijikusanyia kwa miaka, viungo vyote vilivyoielekea, inaanza sifuri. Kwa hiyo unamwambia msomaji akatafute, na papo hapo umemnyima anayetafuta njia ya kuona.

Cha nne: ipo kwenye kumbukumbu za Internet Archive. Ni kweli wale watu wa San Francisco wanafanya kazi ya kushukuriwa tangu 1996. Lakini ili upate ukurasa humo kwa urahisi unahitaji uijue anwani yake ya zamani kamili, na si kila ukurasa wa blogu ya Kiswahili ulipitiwa. Kumtegemea mtu wa mbali akutunzie kilicho chako ni kuomba msaada kwa kazi ambayo hujaijaribu.

Cha tano ndicho chenye uzito: baadhi ya mambo ya zamani hatutaki yaonekane tena. Haki yenu. Mwandishi anaweza kuikana kazi yake ya ujana, na mhariri anaweza kuondoa kilichomdhalilisha mtu. Ila basi semeni. Namba 410 ipo kwa ajili hiyo, na ukurasa wa mistari miwili unaosema makala hii iliondolewa na mwandishi unatosha. Tofauti ya kusema "imeondolewa" na kunyamaza ni ile ya kuaga na kutoroka.

Nisichanganye mambo hapa. Wapo walionyamaza bila kupenda. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipodai leseni ambayo kwa jumla ya ada zake ilifika shilingi milioni 2.1, blogu nyingi za mtu mmoja mmoja zilizima taa. Mtu anayeandika mashairi usiku baada ya kazi hana milioni mbili za kulipia haki ya kuyaonyesha. Hao siwasemi. Aliyefungiwa mlango si sawa na aliyeondoka na ufunguo mfukoni. Nawasema wale ambao mlango ulikuwa wao, ufunguo ulikuwa wao, na mahali papya wanapajua.

Kuna na wale wanaoelekeza vibaya, na pengine hawa wananiudhi zaidi. Unabonyeza kiungo cha shairi moja, unapelekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti mpya. Kila kiungo cha zamani, kiwe cha shairi, hadithi au mahojiano, kinamwagwa hapohapo. Mwenyewe anajisifu kwamba ameelekeza. Hapana bwana. Ni kama mtu ameulizia chumba cha mgonjwa wake, ukampeleka getini ukamwambia hospitali ndiyo hii. Google yenyewe huuchukulia mtindo huu kama ukurasa uliopotea. Wengine wanakurusha hatua nne: anwani ya zamani inakutuma kwenye ile yenye usalama, hiyo inakutuma kwenye yenye www, hiyo kwenye kikoa cha kati walichokitumia mwaka mmoja, ndipo ufike. Kwa mwenye mtandao wa kasi si neno. Kwa mwenye vipau viwili vya mtandao, kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi, na katikati ya safari simu inakata tamaa.

Na kuna hatari ambayo wahariri hawaifikirii mpaka iwapate. Kikoa ulichokiacha bila kukilipia hakibaki kitupu. Ada ikipita, kinarudi sokoni, na wapo watu kazi yao ni kuviwinda vikoa vya zamani vyenye viungo vingi. Wanavinunua na kuweka kamari. Fikiria mwalimu aliyeandika anwani ya jarida lako ubaoni kwa kidato cha tatu, wakasome hadithi fupi. Mwaka unaofuata wanafunzi wanabonyeza, wanakaribishwa kubeti. Jina lako ndilo lililowaleta. Ukiona ada ya kikoa cha zamani ni kubwa, ipime na hiyo.

Basi nini kifanyike? Sidai makubwa. Kabla ya kuhama, orodhesha kila anwani uliyonayo, yote, pamoja na zile mbaya zenye alama za kuuliza na namba. Iandikie kila moja mrithi wake: ukurasa kwa ukurasa, shairi kwa shairi. Tumia 301, maana unahama moja kwa moja. Peleka kwa hatua moja. Kama huduma yako ya bure haikuruhusu, hariri makala ya zamani, weka juu kabisa sentensi moja yenye kiungo: makala hii sasa ipo hapa. Si 301, lakini ni chaki, na chaki inasomeka. Google hushauri vielekezi vibaki mwaka mmoja angalau. Huo ni ushauri kwa wauza viatu. Kwa fasihi, viache muda wote utakaoweza kulipa. Na siku ukishindwa kulipa, tangaza mapema, na uzipeleke kurasa zako kwenye Internet Archive kwa mkono wako mwenyewe. Wana kitufe cha kuhifadhi ukurasa wowote, bure.

Waandishi, nanyi: mkipeleka kazi kwenye jarida la mtandaoni, ulizeni swali moja kabla ya kuulizia malipo ambayo kwa kawaida hayapo. Mkihama, kazi yangu itafikikaje kwa anwani niliyowapa watu? Mhariri asiye na jibu anastahili kufikiriwa mara mbili. Na sisi tunaoandika uhakiki tuache uvivu wa kuandika "bonyeza hapa". Taja mwandishi, taja kichwa cha makala, taja jarida na tarehe, ndipo uweke kiungo. Kiungo kikifa, msomaji abaki na kitu cha kushika, kama aliyekuwa na toleo la Mambo Leo.

Februari 2022 serikali ilizindua operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimikwa hata mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Wengine walicheka: mimi nahitaji namba ya nini wakati mtoto yeyote atakuelekeza kwangu? Lakini kibao hakiwekwi kwa ajili ya jirani. Kinawekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika, asiyekujua, asiye na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ni huyo. Yuko njiani, pengine hajazaliwa, na ameshika mkononi kiungo ambacho wewe mwenyewe ulikitoa. Wahariri, kabla hamjakata keki nyingine, nendeni kwenye mlango wa zamani mkaandike.